Chumvi Inayomiminika Bila Moto

Wahenga walinena kuwa elimu ni bahari, na mimi naongeza kuwa bahari yenyewe ina chumvi. Basi msomaji mpendwa, karibu leo tuzungumze juu ya chumvi. Najua wengine mtauliza, "Kemia inatafuta nini katika jarida la Chama cha Kiswahili?" Jibu langu ni fupi. Kiswahili si lugha ya ngonjera na mashairi peke yake. Lugha inayoweza kueleza mapenzi na siasa inaweza pia kueleza ayoni, na asiyeamini asome hadi mwisho.

Tangu Kidato cha Pili tumekuwa tukiandika sentensi moja katika madaftari yetu: kampaundi za ayoni zina kiwango cha juu cha kuyeyuka. Tumeikariri kama kasuku, na katika mtihani imetupatia alama. Lakini sentensi hiyo si kweli kila mahali. Ziko chumvi ambazo zikiwa mezani tu zinamiminika kama mafuta ya kupikia, bila moto chini yake na bila tone la maji ndani yake. Wanakemia huziita viowevu vya ayoni. Kwa desturi jina hilo hupewa chumvi yoyote inayoyeyuka chini ya digrii 100 za selsiasi.

Sasa swali ni hili. Zote ni chumvi, na zote zimeundwa kwa ayoni chanya na ayoni hasi. Mbona moja inadai tanuri na nyingine haihitaji hata kijiti cha kiberiti? Anayekariri kanuni peke yake atakwama hapa. Anayejua sababu ya kanuni atajibu, maana jibu limo katika umbo la ayoni zenyewe.

Kwanza tuondoe shaka moja. Mtu anaweza kusema, "Mimi hutia chumvi kwenye maji ya ugali na inakuwa maji. Si hiyo ni chumvi kiowevu?" La hasha. Hapo chumvi imeyeyushwa ndani ya maji, na maji ndiyo yaliyozitenganisha ayoni. Katika kiowevu cha ayoni hakuna maji wala pombe wala petroli. Ni ayoni tupu, chanya na hasi, zikitelezeana zenyewe kwa zenyewe.

CHUMVI YA JIKONI

Tuanze na tunayoijua. Chumvi ya mezani ni kloridi ya sodiamu. Atomu ya sodiamu hutoa elektroni 1 na kuwa ayoni chanya, na ya klorini huipokea na kuwa ayoni hasi. Chanya na hasi huvutana. Kila ayoni ya sodiamu huzungukwa na kloridi 6, na kila kloridi huzungukwa na sodiamu 6, mpaka fuwele nzima inakuwa kama mstari wa paredi siku ya sherehe, kila mtu mahali pake.

Kuivunja paredi hiyo si mchezo. Kloridi ya sodiamu huyeyuka kwa digrii 801. Hebu fikiria: alumini, yaani madini ya sufuria zetu nyingi, huyeyuka kwa digrii 660. Kwa hivyo ukijaribu kuyeyusha chumvi kavu ndani ya sufuria ya alumini, sufuria itayeyuka na chumvi itabaki ikikutazama.

MAMBO MATATU

Nguvu ya paredi hiyo inategemea mambo matatu: chaji, ukubwa na umbo.

La kwanza ni chaji. Mfaransa Coulomb alionyesha mwaka 1785 kwamba mvuto kati ya chaji mbili huongezeka chaji zinapoongezeka. Linganisha floridi ya sodiamu na oksidi ya magnesi. Umbali kati ya ayoni jirani katika chumvi hizi mbili unakaribiana. Lakini katika ya kwanza kila ayoni ina chaji 1, na katika ya pili kila moja ina chaji 2. Mbili mara mbili ni nne, kwa hivyo mvuto ni karibu mara 4. Floridi ya sodiamu huyeyuka kwa digrii 993, nayo oksidi ya magnesi hungoja mpaka karibu digrii 2,850. Ndiyo sababu viowevu vingi vya ayoni hutengenezwa kwa ayoni zenye chaji 1 tu.

La pili ni ukubwa. Coulomb huyo huyo alisema kuwa umbali ukiongezeka mara 2, mvuto hupungua hadi robo. Ayoni nene haziwezi kukaribiana sana. Ukiondoa sodiamu na kuweka siziamu, ambayo ni kubwa zaidi, kloridi inayopatikana huyeyuka kwa digrii 645. Imeshuka, lakini bado ni moto mkali. Hata ukibadilisha na kloridi pia, ukaweka iodidi iliyo kubwa zaidi, bado uko juu ya digrii 600. Kumbe ukubwa peke yake hautoshi!

La tatu ndilo kiini cha makala haya, nalo ni umbo. Sodiamu, siziamu, kloridi na iodidi zote ni mviringo kama gololi. Chukua mkebe, utie gololi za saizi moja, kisha utikise. Zitajipanga vizuri zenyewe. Sasa toa gololi, utie vijiti vilivyopinda, mawe ya kila namna na vifuniko vya chupa. Tikisa mpaka mkono uchoke. Havitajipanga, kila kimoja kitakwama kwa mwenzake na nafasi zitabaki huku na kule. Ayoni zenye umbo la ovyo ovyo ziko hivyo. Haziwezi kupiga paredi nzuri, na paredi mbaya huvunjwa na joto kidogo tu.

MBOLEA ILIYOGEUKA KIOWEVU

Mfano mzuri kuliko yote ni huu, na sisi wa Kidato cha Tatu tunaujua nusu yake kutoka somo la naitrojeni. Naitreti ya amonia ni chumvi inayotumiwa katika mbolea. Ayoni yake chanya ina atomu 1 ya naitrojeni iliyozungukwa na haidrojeni 4, pande zote sawa. Huyeyuka karibu digrii 170. (Tafadhali mtu asijaribu kuiyeyusha nyumbani wala shuleni. Chumvi hii hulipuka, na ndiyo iliyobomoa bandari ya Beirut mwaka 2020.)

Sasa toa haidrojeni 1 kati ya zile 4, na mahali pake uweke kikundi cha ethili, yaani kaboni 2 na haidrojeni 5. Umefanya jambo dogo tu, kama kumfunga mtu mmoja mkia. Chumvi mpya inaitwa naitreti ya ethilamonia, na huyeyuka kwa digrii 12! Kutoka 170 hadi 12 kwa sababu ya mkia wa kaboni 2. Mahali pengi hapa Kenya, mchana wa kawaida, chumvi hii ingekuwa kiowevu ndani ya chupa.

Aliyeieleza chumvi hii ni Paul Walden, mwanakemia aliyezaliwa Latvia, mwaka 1914. Walden alitaka kujua jinsi umeme unavyopita katika chumvi zilizoyeyuka, lakini hakutaka taabu ya kufanya kazi kwenye digrii mia nane. Akatafuta chumvi za kuyeyuka kwa joto dogo, na akazipata. Watu hawakumjali sana wakati huo. Mkataa wengi ni mchawi, lakini katika sayansi wakati mwingine mmoja huwa ametangulia tu.

PETE YENYE MIKIA MIWILI

Miaka mingi baadaye wanakemia walipata viowevu vya ayoni vyenye kloridi ya alumini ndani yake, lakini vilikuwa na udhaifu: vikikutana na unyevu wa hewa vinaharibika. Mwaka 1992 John Wilkes na Michael Zaworotko walitangaza vingine visivyosumbuliwa na hewa wala maji kwa namna hiyo. Tangu hapo utafiti ukapamba moto.

Ayoni chanya waliyotumia ina jina refu kama treni ya mizigo: 1-ethili-3-methili-imidazoliamu. Sisi tuiite emimu ili tusichoke. Chora pete yenye pembe 5. Kwenye pembe 3 weka kaboni na kwenye 2 weka naitrojeni. Naitrojeni moja ipe mkia mfupi wa methili, wenye kaboni 1, na ya pili ipe mkia wa ethili, wenye kaboni 2. Tazama mchoro wako. Upande mmoja haufanani na mwingine. Tena ile chaji chanya haikukaa mahali pamoja, imetandazwa juu ya pete kama siagi juu ya mkate, kwa hivyo hakuna mahali penye mvuto mkali.

Emimu ikiolewa na ayoni hasi tofauti tofauti, tabia hubadilika. Angalia:

Sodiamu na kloridi: digrii 801.
Emimu na kloridi: karibu digrii 80.
Emimu na tetrafloroboreti: karibu digrii 15.
Emimu na triflimidi: chini ya digrii 0.

Kloridi ni ndogo na chaji yake yote imekusanyika mahali pamoja, kwa hivyo bado inavuta kwa nguvu. Tetrafloroboreti ni boroni 1 na florini 4, na chaji yake imegawanywa kwa florini hizo. Triflimidi ni kubwa zaidi, ina atomu 15, chaji imetawanyika, na juu ya hayo inaweza kujipinda katikati kama mtu anayecheza dansi. Kumpanga mtu anayecheza dansi katika mstari wa paredi, jamani, ni kazi!

MKIA UKIREFUKA

Hapa ndipo mtu wa kukariri atadanganyika mara ya pili. Akisikia mkia umeshusha kiwango cha kuyeyuka, atasema kadiri mkia unavyorefuka ndivyo kiwango kinavyoshuka. Si hivyo.

Tuchukue pete ile ile, upande mmoja tuache methili na upande wa pili tuwe tunarefusha mkia. Ayoni hasi iwe heksaflorofosfeti, yaani fosforasi 1 na florini 6. Mkia wa kaboni 2 unatupa karibu digrii 60. Mkia wa kaboni 4, yaani butili, unatupa karibu digrii 10. Hadi hapo anayekariri anacheka. Lakini ukifika kaboni 12, kiwango kimerudi kupanda, kimepita digrii 50.

Sababu ni kwamba mikia mirefu nayo inaanza kupendana. Katika kemia ya kaboni tumejifunza kuwa alkeni fupi ni gesi, za katikati ni viowevu kama petroli, na ndefu huwa yabisi kama nta ya mshumaa. Mvuto mdogo mdogo kati ya minyororo huongezeka minyororo ikirefuka. Haba na haba hujaza kibaba. Mkia mfupi huvuruga paredi, lakini mikia mirefu hujilaza ubavu kwa ubavu kama kuni zilizonyooka katika mzigo, na paredi mpya inaundwa.

MZITO KAMA UJI

Tabia ya pili ni mnato, yaani kule kukataa kumiminika upesi. Maji yana mnato mdogo, asali ina mkubwa. Viowevu vya ayoni kwa kawaida ni vizito kuliko maji, kwa sababu kila ayoni inapotaka kusogea inavutwa na majirani zake wenye chaji nyingine. Emimu na triflimidi ina mnato zaidi ya mara 30 ya ule wa maji katika digrii 25. Ukirefusha mkia hadi kaboni 4, unakuwa zaidi ya mara 50. Ukifika kaboni 8, ni karibu mara 100.

Umeona mtego? Mkia wa kaboni 4 ulikuwa rafiki yetu tulipotaka kushusha kiwango cha kuyeyuka. Tukitaka kiowevu chepesi, mkia huo huo unatugeuka. Na hili lina maana katika kazi. Ndani ya betri ayoni lazima zitembee zikibeba umeme, na kiowevu kizito huzichelewesha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kuna kisa kingine kilichowashangaza hata wataalamu. Kati ya zile naitrojeni 2 za pete kuna kaboni yenye haidrojeni 1 inayoshikana na ayoni hasi. Wakafikiri, "Tukiiondoa haidrojeni hii na kuweka methili, tutakata kamba inayozifunga, na kiowevu kitakuwa chepesi." Wakafanya. Kiowevu kikawa kizito zaidi, na kiwango cha kuyeyuka kikapanda! Maelezo mojawapo ni kwamba methili hiyo huziba njia. Mwanzo ayoni hasi ilikuwa na mahali pengi pa kukaa na kuhamia, na sasa imebakiwa na pachache, kwa hivyo inatulia mahali pamoja. Nguvu ya mvuto si kila kitu. Uhuru wa kusogea nao unahesabiwa.

MAJI NA MVUKE

Umbo huamua pia urafiki na maji. Tuchukue pete yenye mkia wa kaboni 4. Ukiipa tetrafloroboreti, inachanganyika na maji kabisa katika joto la kawaida la chumbani. Ukiipa heksaflorofosfeti au triflimidi, inajitenga. Tena haielei kama mafuta, inazama chini, kwa sababu ayoni hizo zimejaa atomu nzito na kiowevu chake kina uzito kuliko maji ya ujazo sawa.

Na je, mvuke? Petroli ikiachwa wazi inanuka nyumba nzima kwa sababu molekuli zake zinaruka hewani. Katika kiowevu cha ayoni, chanya haiwezi kuondoka ikimwacha hasi. Hulazimika kuondoka wawili wawili wakiwa wameshikana, na safari hiyo ni ghali sana kwa joto. Kwa hivyo katika joto la kawaida hazitoi mvuke wa kupimika. Zamani ilisemwa kuwa haziwezi kugeuka mvuke kamwe, lakini mwaka 2006 watafiti walionyesha kuwa baadhi yake huvukizwa ukiondoa hewa na kupasha joto vya kutosha.

FAIDA NA TAHADHARI

Mtu atauliza, haya yote yana faida gani kwa mwananchi? Iko. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alabama, Marekani, walionyesha kuwa pete yenye mkia wa kaboni 4 ikiwa na kloridi huyeyusha selulosi, ile inayojenga pamba, karatasi na miti. Maji hayawezi, ndiyo maana shati lako haliishi kwenye karai siku ya kufua. Ni kloridi inayofanya kazi hiyo, kwa kushika zile haidrojeni zinazofunga nyuzi za selulosi pamoja. Weka tetrafloroboreti mahali pa kloridi, pete ikiwa ile ile, na selulosi haiyeyuki. Sisi wenye mabua ya mahindi na makapi ya miwa kila msimu tuna haki ya kuyatazama mambo haya kwa makini.

Lakini tusishangilie kabla ya wakati. Kwa kuwa viowevu hivi havitoi mvuke wa kuchafua hewa, viliwahi kusifiwa kuwa ni kemikali safi zisizodhuru. Sifa hiyo ilikuwa kubwa mno. Heksaflorofosfeti ikikaa na maji, hasa kwenye joto, huweza kuvunjika na kutoa asidi ya haidrofloriki, sumu kali inayomega hata kioo. Tena imeonekana kuwa kadiri mkia wa kaboni unavyorefuka, ndivyo kiowevu kinavyozidi kuwa sumu kwa viumbe vidogo vya majini. Kutotoa mvuke hakumsaidii samaki iwapo kiowevu chenyewe kimemwagwa mtoni.

Hapo utaona kuwa mkia huo huo mmoja unaamua mambo mengi kwa mpigo: kuyeyuka, mnato na sumu. Mwanakemia anayechora ayoni kwenye karatasi tayari ameanza kuamua kama mto utakuwa salama au la. Ndiyo maana hatuwezi kuridhika na "kampaundi za ayoni zina kiwango cha juu cha kuyeyuka," nukta, alama moja.

Wenzangu, sisemi muache kuiandika katika mtihani. Iandikeni, lakini ongezeni sababu: ni kwa kuwa ayoni zake ni ndogo, za mviringo na zimejipanga vizuri, kwa hivyo zinavutana kwa nguvu. Ukijua hivyo, hata ukiletewa chumvi usiyowahi kuisikia, utaomba kwanza uonyeshwe umbo lake. Na walimu wetu wapendwa, mkituona tunauliza "kwa nini" mara kumi katika kipindi kimoja, msituchoke. Kuuliza si ujinga.

Kwa leo naweka kalamu chini. Chama chetu kidumu.